Klabu ya likizo Diani na pointi za hoteli: kisa cha familia moja ya Lang'ata

Wacha niweke namba mezani kwanza, maneno tutayapata huko mbele. Familia moja ya Lang'ata, mama na baba wote wameajiriwa, watoto wawili wa miaka 7 na 10, wamesaini mkataba wa klabu ya likizo kule Diani, pwani ya Kenya. Ni ile biashara ya taimshea, unanunua haki ya kulala resorti siku kadhaa kila mwaka, ila ya kisasa, hupewi wiki yako maalum kama zamani, unapewa pointi. Pointi 6,000 kila mwaka kwa miaka 15. Bei ni shilingi 960,000, wametoa 150,000 siku hiyo hiyo kwa kadi, zingine walipe 22,500 kila mwezi kwa miezi 36. Juu ya hiyo kuna ada ya kila mwaka ya kutunza mahali, dola 450. Na kitamu chenyewe: pointi za klabu unaweza kuzigeuza ziwe pointi za hoteli za chain moja ya kimataifa, na ukisaini leo unapewa pointi 60,000 za hiyo chain kama zawadi.

Hiyo zawadi ndiyo ilimnasa baba wa hiyo familia, tumwite Baba Neema. Jamaa anasafiri kikazi, Kampala, Kigali, Dar, analala hoteli za hiyo chain na ofisi ndiyo inalipa, pointi anajiwekea yeye. Kwa hivyo mtu akimtajia pointi 60,000 yeye anajua zinanunua nini, si kama mimi na wewe tunaambiwa tu ni nyingi. Mama Neema yeye hakuwa na haja na pointi za hoteli, alikuwa na sababu yake ambayo nitaifikia na ambayo kusema ukweli ni nzito kuliko ya mzee.

Vile waliuziwa sitakaa sana hapo, mnaijua. Walijaza fomu ya bahati nasibu kwa moli, wakapigiwa simu ati wameshinda usiku mbili, zawadi ichukuliwe Jumamosi kwa hoteli moja Westlands, mje wote wawili tafadhali, mke na mume. Chai, samosa, video ya bahari, masaa matatu, muuzaji wa kwanza akishindwa anakuja mkubwa wake na bei inashuka, na hiyo bei ni ya leo tu. Wametoka hapo na mkataba umesainiwa lakini nakala kamili hawana, ilikuja kwa email siku mbili baadaye. Shikeni hiyo ya siku mbili, itatusaidia.

Baba Neema akanitumia kila ukurasa kwa WhatsApp na ujumbe mmoja: "Bro, angalia kama hii inashinda pointi zangu za kawaida." Mimi nafanya kazi ya uhasibu, hizi vitu naletewa. Na nikaona swali lenyewe limekaa vibaya kidogo, anataka kulinganisha pointi na pointi. Pointi ni karatasi ya mtu aliyeichapisha, leo anasema moja ni sawa na nane, kesho anasema nane ni sawa na tano, wewe utalinganisha nini na nini? Nikamwambia tubadilishe kila kitu kiwe shilingi kwa usiku mmoja, tena usiku ambao nyinyi mtalala kweli, si ule wa kwenye video.

Sasa huo usiku. Chati ya pointi iko ukurasa wa mwisho kabisa wa mkataba, maandishi madogo. Chumba cha familia ni pointi 600 kwa usiku wakati watalii wamepungua, yaani Mei na Juni. Likizo za shule, Aprili na Agosti, ni 1,200. Krismasi na Pasaka 1,500. Muuzaji aliwaambia "siku 10 za bahari kila mwaka" na hakudanganya, 6,000 gawanya kwa 600 ni 10. Ila watoto wako shule. Mei wako darasani, Juni wako darasani. Hawa watu wanaweza kwenda Aprili, Agosti au Desemba basi, na Desemba wanaenda ushago kwa shosho kila mwaka, hiyo haijadiliwi. Kwa hivyo imebaki Aprili au Agosti, pointi ni zile zile, tuseme Agosti, usiku tano. Siku kumi imekuwa tano na bado hatujagusa pesa.

Pesa sasa. 960,000 kwa miaka 15 ni 64,000 kwa mwaka. Ada ya dola 450, dola ikiwa 129, ni 58,050. Jumla 122,050 kwa mwaka, gawanya usiku tano, unapata 24,410 kwa usiku. Nikaingia kwa tovuti ya kubuku hoteli, hiyo hiyo resorti, chumba hicho hicho, Agosti hiyo hiyo, mtu yeyote asiye mwanachama anauziwa 17,500. Nikaangalia mara mbili nikidhani nimekosea chumba. Mwanachama analipa karibu elfu saba zaidi kwa usiku kumshinda mtu ametoka tu barabarani. Na dakika tano kutoka hapo kuna apartimenti za vyumba viwili na jikoni, 12,000 kwa usiku.

Halafu fanyeni hii, ndiyo ilinifanya niache kuandika nikae kidogo. Tuseme hawakulipa hiyo 960,000. Tuseme mjomba amekufa akawaachia hiyo klabu urithi, bure kabisa. Bado wanalipa ada, 58,050 kwa usiku tano, ni 11,610 kwa usiku. Apartimenti ya jirani ni 12,000. Yaani hata wakipewa bure wanaokoa shilingi 390 kwa usiku wakilinganisha na mahali pazuri tu pa jirani. Hiyo 960,000 inanunua nini basi? Inanunua haki ya kulipa ada.

Na hiyo ada iko kwa dola. Hapa Nairobi hatuhitaji kufundishwa hiyo, mwanzoni mwa 2024 dola ilipita 160 kabla ya kurudi kwa 129 na kitu. Kwa dola ya 160 ada ni 72,000, ambayo ni 14,400 kwa usiku, na mshahara wenu haujapanda hata shilingi. Mkataba pia unasema ada inaweza kuongezwa "kadri uongozi utakavyoona inafaa". Hakuna kikomo. Mbona mtu anasaini sentensi kama hiyo mimi huwa sielewi, lakini pia sijawahi kukaa masaa matatu na watoto wanalia njaa huku mtu ananimiminia chai.

Kuna kitu kingine kidogo. Waliambiwa malipo ya kila mwezi hayana riba. Lakini kwenye karatasi ya ofa kuna bei ya keshi, 820,000. Ukilipa polepole ni 960,000. Hiyo 140,000 ya katikati iitwe jina lolote, mimi naiita riba. Na mtu mwenye 820,000 akiiweka MMF, ule mfuko wa uwekezaji wa money market, inayompa hata asilimia 8 baada ya kodi, anapata 65,600 kwa mwaka. Usiku tano kwa ile apartimenti ni 60,000. Likizo imelipwa na faida peke yake na 820,000 iko pale pale. Najua mtaniambia faida hushuka, ni kweli, bili za serikali za siku 91 zilikuwa karibu asilimia 16 katikati ya 2024 na kufika 2025 ziko chini ya 10. Na bei za vyumba nazo zitapanda. Lakini ada pia itapanda, na tofauti ni kwamba kwa MMF ukichoka unatoa pesa yako.

Haya, sasa pointi za hoteli, maana hapo ndipo Baba Neema alikuwa amesimama na hakutaka kushuka. Hoja yake ilikuwa hivi: sawa, Diani ikiwa ghali siendi Diani, nageuza pointi zangu nalala hoteli popote duniani. Kwenye karatasi ni rahisi, pointi moja ya klabu ni nane za hoteli, 6,000 zinakuwa 48,000. Lakini pointi ya hoteli ina thamani gani? Usichukue thamani ya muuzaji, chukua chumba. Tulifungua programu ya hiyo chain kwa simu yake, hoteli yao hapa Nairobi, tarehe moja. Keshi 21,000 pamoja na kodi, pointi 30,000. Gawanya: senti 70 kwa pointi. Tukajaribu Kigali, ikatoka hapo hapo karibu. Basi 48,000 mara senti 70 ni 33,600. Na kugeuza si bure, kuna ada ya dola 60 kila unapogeuza, hiyo ni 7,740. Unabaki na 25,860.

Na ili upate hiyo 25,860 ulikuwa umelipa ada ya mwaka 58,050.

Nilimwacha asome mwenyewe. Kila mwaka anaogeuza anapoteza 32,190, hapo sijaweka hata shilingi moja ya bei ya kununua. Kisha mkataba unasema kugeuza kunaruhusiwa mwaka mmoja ndiyo mwaka mmoja hapana, na kwamba mpango wa kugeuza unaweza kubadilishwa au kusimamishwa wakati wowote. Kwa hivyo ule mlango wa dharura ambao ndio uliofanya aingie nyumba, unafunguliwa mara moja kwa miaka miwili, unalipisha, na mwenye nyumba anaweza kuuziba.

Kama mtu anataka pointi za hoteli kwa nguvu, chain nyingi zinauza zenyewe moja kwa moja. Hilton Honors kwa mfano bei ya kawaida ni dola 10 kwa pointi 1,000, na wakati wa ofa ya bonasi ya asilimia 100 inakuwa kama dola 5. Pointi 48,000 kwa ofa kama hiyo ni dola 240. Kupitia klabu ni dola 510, yaani 450 za ada na 60 za kugeuza. Na mimi hata hiyo ya 240 singeshauri mtu anunue kama hana safari tayari kichwani.

Kwa sababu pointi zinaoza. Si lazima kwa nia mbaya, ndivyo zilivyoundwa. Marriott waliondoa chati yao ya bei za pointi mwaka 2022, sasa bei inapanda na kushuka na msimu. Bonvoy, mpango wa pointi wa Marriott, na Hilton Honors zote mbili zinafuta pointi kama akaunti imekaa miezi 24 bila kitu. Waliokuwa na maili za Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, kupitia Kenya Airways wanakumbuka vile shirika lilitoka likaanzisha Asante Rewards yake. Na Bonga, pointi za Safaricom unazopata ukinunua kredo, tangu 2007 watu wamezilimbikiza tu, halafu mwisho wa 2022 Safaricom ikatangaza zilizopita miaka mitatu zinafutwa, ndipo watu wakakimbilia *126# kuzitumia. Lakini angalia, hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya Bonga, kwa nini? Kwa sababu hakuna mtu mzima ananunua kredo ya elfu hamsini ili apate Bonga. Unanunua kredo kwa sababu unataka kupiga simu, Bonga inakuja nyuma yake.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo Baba Neema alikuwa ameipita. Pointi zake za hoteli za kawaida hazimgharimu. Analala kama usiku 30 kwa mwaka, chumba cha kama dola 130, ofisi inalipa, chain inampa pointi 10 kwa kila dola. Hiyo ni karibu pointi 39,000 kwa mwaka, hata kabla ya nyongeza ya daraja lake. Linganisha na 48,000 za klabu ambazo anazipata mwaka mmoja kwa miwili, yaani wastani 24,000 kwa mwaka. Huyu mtu tayari anachuma bure zaidi ya anachotaka kununua kwa karibu milioni. Na zile 60,000 za zawadi, mara senti 70, ni 42,000. Ni pesa, sikatai. Lakini ni chini ya ada ya mwaka wa kwanza.

Nikamuuliza zile zake za kawaida amezitumia lini mara ya mwisho. Kimya. Ana zaidi ya 110,000 zimekaa tu. Kwa senti 70 hiyo ni 77,000 ya vyumba iko mfukoni, na anataka zingine.

Sasa Mama Neema. Yeye alisikiliza haya yote akiwa jikoni akikata sukuma, akatoka akasema: "Shemeji, hizo hesabu zako ni sawa. Lakini unajua tumeenda Mombasa lini mara ya mwisho? Kila mwaka tunasema tunaenda, inafika Julai pesa imeenda kwa karo, imeenda kwa gari, imeenda kwa harambee ya mtu. Hii angalau imelipwa, lazima twende." Na hapo sikuwa na jibu la haraka kwa sababu ni kweli. Kinachouzwa na hizi klabu kwa watu wa tabaka letu si chumba hata kidogo, ni pesa kufungiwa mbali na ndugu, mafundi na dharura za uongo na za kweli. Hiyo ina thamani. Kuna watu wananunua kiwanja kisicho na maji wala barabara kwa sababu hiyo hiyo.

Ila angalia kama hii inafunga kweli. Mwaka ambao hamtaenda, pointi zinasogezwa mwaka mmoja tu halafu zinakufa, ada inadaiwa vile vile. Na kwenda kwenyewe bado kunataka nauli, chakula, tuktuk za Diani, hizo zote haziko kwa mkataba, kwa hivyo Julai pesa ikiisha bado hamtaenda, tofauti ni kwamba mtakuwa mmeshalipa. Nikamwonyesha namba nyingine: stendingi oda ya 10,000 kila mwezi, inatoka tarehe mbili mshahara ukiingia, kwa MMF ya jina lake yeye peke yake, mzee hana password. Hiyo ni 120,000 kwa mwaka, karibu sawasawa na ile 122,050. Kwa hiyo pesa analipa usiku tano kwa resorti ile ile kwa bei ya mtu wa barabarani, 87,500. Treni ya SGR kwenda na kurudi ikonomi, 1,500 mtu mzima kila safari, watoto nusu, ni 9,000 kwa wote wanne, na siku hizi kutoka Miritini unapitia Dongo Kundu bila foleni ya feri ya Likoni. Imebaki 23,500 ya samaki, na faida ya MMF sijahesabu. Wakichukua ile apartimenti, inabaki 51,000.

"Password yangu peke yangu?" akauliza. Hiyo ndiyo sehemu ilimfurahisha zaidi.

Je, kuna mtu hii klabu ingemfaa? Yuko. Watu wawili wasio na mtoto shuleni, wanaofanya kazi kwa laptopu, wanaoweza kukaa Diani siku kumi mwezi wa Mei bila kuuliza mtu. Kwao pointi 6,000 ni usiku kumi, 12,205 kwa usiku badala ya 24,410. Lakini hata wao wasinunue kwa klabu yenyewe, wanunue kwa mwanachama anayetaka kutoka. Hizi vitu zikishatoka mkononi mwa muuzaji thamani yake huanguka vibaya sana, Marekani watu wanauza taimshea kwa dola moja eBay ili tu mtu mwingine achukue ada. Ubaya ni kwamba klabu nyingi kubwa humnyima anayenunua kwa mtu haki fulani, na mara nyingi ya kwanza kukatwa ni hiyo hiyo ya kugeuza kuwa pointi za hoteli. Kwa huyu ninayemsema si hasara, tumeshaona hiyo haki ina bei gani. Muuzaji pia aliwapigia debe la kubadilishana na resorti za dunia nzima. Mambo ya kubadilishana yapo kweli, kampuni ya RCI inafanya hiyo tangu 1974, lakini unalipa uanachama na unalipa kila ubadilishaji, na tiketi nne za Nairobi hadi Florida hazijali una pointi ngapi.

Kutoka sasa. Hapa watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hapa Kenya inaitaja taimshea kabisa kwa jina, na inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu yoyote, zikihesabiwa tangu apokee nakala ya maandishi. Ulaya ni siku 14. Kumbuka nakala yao ilikuja siku mbili baada ya kusaini, kwa hivyo wakati ananitumia picha walikuwa bado wako ndani ya hizo siku 10. Muuzaji alikuwa amewaambia malipo ya kwanza hayarudishwi, na kwenye mkataba imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Haijalishi, huwezi kusaini ukaitupa haki ambayo sheria imekupa.

Tuliandika barua fupi, sentensi nne. Tumesaini tarehe fulani, tumepokea nakala tarehe fulani, tunavunja mkataba kwa mujibu wa sheria hiyo, tunataka malipo yetu yarudi kwa kadi ile ile. Hatukuandika hesabu hata moja humo ndani, maana ukitoa sababu unawapa kitu cha kujibu. Ikaenda kwa email kutoka kwa anwani zao wote wawili, na nakala ikapelekwa ofisini kwao kwa mkono ikagongwa muhuri. Wakapigiwa simu mara nyingi, kwanza kwa upole, halafu bei ikashuka hadi 700,000, halafu wakaambiwa wataongezewa pointi za hoteli ziwe 90,000. Baba Neema akanipigia hiyo jioni, "Bro, 90,000…" Nikamwambia mara senti 70. Akakata simu akarudi akaniambia 63,000, na ada ni 58, kwa hivyo anapata elfu tano mwaka wa kwanza halafu miaka 14 ya kulipa. Alipiga hesabu mwenyewe.

Pesa ilirudi baada ya wiki kadhaa, yote 150,000, baada ya kutaja kwamba watapeleka malalamiko mbele. Pointi 60,000 za zawadi hazikuwa zimeingia bado kwa hivyo hakukuwa na cha kurudisha. Stendingi oda ilianza mwezi uliofuata, na kwa zile 110,000 walichukua usiku tatu kwa hoteli ya Kigali, wakati wa likizo ya Aprili, mzee akiwa na mkutano huko. Diani ni Agosti. Mama Neema amechagua apartimenti yenye jikoni, anasema hatalipa mtu amkaangie mayai.